Shajara ya Mradi: Kuziba Dari ya Nakshi Baada ya Kuondoa Nyaya Kuukuu za Umeme

2 Februari

Kazi niliyokabidhiwa ni kurudisha dari ya sebule ya mbele katika nyumba ya safu iliyojengwa hapa Leicester kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Fundi umeme anaondoa nyaya zote za zamani na kuweka mpya, na kwa kuwa juu ya sebule hii pana bafu lenye sakafu ya vigae isiyoweza kung'olewa bila hasara kubwa, baadhi ya nyaya itabidi zifikiwe kutokea chini, kwa kuikata dari yenyewe. Dari hiyo si laini. Imepakwa tabaka zito lililochorwa kwa chanuo lingali bichi, nusu duara zikapandana safu kwa safu, mtindo uliopendwa mno Uingereza katika miaka ya 1970. Watu wa hapa huuita Artex hata pale ambapo unga uliotumika ulikuwa wa kampuni nyingine.

Nyaya zinazoondolewa zimevikwa mpira, kama ilivyokuwa desturi kabla ya plastiki ya PVC kuchukua nafasi yake kuelekea miaka ya 1960. Mpira huo ukizeeka hukauka na kupasuka, na mahali pengine huwa unga mara tu waya unapokunjwa, shaba ikabaki wazi juu ya mbao kavu. Zaidi ya hayo, njia ya taa haina waya wa ardhi, kwa sababu kanuni za Uingereza hazikuulazimisha kwenye taa hadi mwaka 1966. Kwa hiyo kubadilisha nyaya hapa si jambo la anasa, na dari kukatwa halikwepeki.

Mama mwenye nyumba alizaliwa Kisumu, na Kiswahili ndicho tunachozungumza. Ameniuliza, "Fundi, kwa nini usiibomoe yote tukaweka jipsamu mpya, tukaachana na mikunjo hii?" Nimemjibu, "Mama, kabla hatujaigusa hata kwa kisu, lazima tujue ndani yake mna nini."

5 Februari

Nimechukua sampuli. Watengenezaji wa rangi hizi za nakshi walikuwa wakichanganya nyuzi za asbestosi nyeupe, iitwayo krisotaili, ili tabaka lisimame nene bila kupasuka likikauka. Watengenezaji wakubwa waliacha kufanya hivyo katikati ya miaka ya 1980, lakini asbestosi nyeupe haikupigwa marufuku kabisa nchini Uingereza hadi mwaka 1999, na ndiyo maana fundi mwangalifu huihesabu dari yoyote ya nakshi iliyopakwa kabla ya mwaka 2000 kuwa ina asbestosi mpaka maabara iseme vinginevyo. Kuitazama kwa macho hakutoshi. Nyuzi hizo ni nyembamba mno, na tabaka lenye asbestosi halitofautiani kwa sura na lisilokuwa nayo.

Nilitandaza nailoni chini, nikanyunyizia maji yenye matone machache ya sabuni ili vumbi lisiruke, nikakwangua kipande kidogo sehemu ya dirishani na kingine karibu na taa, kwa sababu inawezekana dari iliwahi kuzibwa zamani kwa unga wa aina tofauti. Kila kipande kilitiwa kwenye mfuko, na mfuko huo ndani ya mwingine. Palipokwanguliwa nilipapaka rangi papo hapo ili pafungike. Sampuli zimekwenda kwenye maabara iliyoidhinishwa kwa uchunguzi wa aina hii.

9 Februari

Jibu la maabara limekuja: krisotaili imo katika sampuli zote mbili.

Mama alishtuka, na nilimweleza kwa utaratibu, kwa maana hofu isiyo na maelezo ndiyo inayowafanya watu wengine waishambulie dari kwa kikwangulio siku hiyo hiyo na kujiletea madhara ambayo hayakuwapo. Nyuzi zilizofungwa ndani ya tabaka zima, chini ya rangi nyingi, hazimdhuru aliyekaa kitini akinywa chai. Hatari huanza zinapovunjwa zikawa vumbi na kuvutwa pumzini, kwa kuwa hukaa mapafuni, na maradhi yake, ikiwemo saratani ya utando wa mapafu, hujitokeza baada ya miongo ya miaka. Wengi wetu tuliosoma Afrika Mashariki chini ya mapaa ya asbestosi na saruji tunaijua bidhaa hii kwa sura, ila hatukuambiwa kwamba kuikata kwa msumeno mkavu ni jambo jingine kabisa na kuishi chini yake.

Njia zilizokuwapo mbele yetu ni tatu. Ya kwanza ni kuiondoa nakshi yote, kazi ya majimaji na taka nyingi zenye sumu, ambayo kwenye dari ya fito ina hatari ya kuiangusha plasta iliyo nyuma yake. Ya pili ni kuifunika dari nzima kwa mbao mpya za jipsamu na kuzilainisha. Njia hiyo ni nzuri pale dari inapokuwa imelegea, lakini kila skrubu itatoboa tabaka lile lile tunalotaka kulituliza, na pambo la zamani la plasta pembezoni mwa kuta lingepotea nusu. Ya tatu ni kukata kidogo iwezekanavyo, kuziba palipokatwa kwa vitu visivyo na asbestosi, na kuiacha iliyobaki ikiwa imefungwa. Nimeshauri ya tatu. Nimeigonga dari yote kwa vidole na kuisukuma kwa kiganja, nayo ni imara isipokuwa sehemu moja ndogo karibu na ubavu wa bomba la moshi. Dari iliyo imara haina sababu ya kubomolewa kwa kuwa tu imetajwa neno asbestosi.

Sheria ya hapa huiweka kazi ya namna hii miongoni mwa zile zisizohitaji leseni maalumu, lakini inamtaka anayeifanya awe amefunzwa, aandike tathmini ya hatari kabla ya kuanza, azuie vumbi, na azitoe taka kama taka za sumu. Mafunzo hayo ninayo. Barakoa ya kawaida ya kubana uso haifungi vyema juu ya ndevu, nami ninafuga ndevu, hivyo natumia kofia yenye feni na kichungi cha daraja la P3, kile kinachozuia hata vumbi laini kabisa. Nalisema hili wazi kwa ajili ya ndugu zangu mafundi: barakoa nzuri juu ya ndevu huvuja pembeni, na mvaaji hana njia ya kuhisi uvujaji huo.

12 Februari

Leo tumekata, mimi na fundi umeme pamoja, ingawa kisu kilikuwa mkononi mwangu. Kwanza alizima meni swichi, akafunga kwa kufuli, kisha akapima kila waya kwa kifaa alichokihakikisha kwenye umeme hai kabla na baada ya kupima. Utaratibu huo naupenda, kwa sababu katika nyumba zilizoongezwa nyaya na watu mbalimbali kwa miaka mingi, waya unaodhaniwa umekufa unaweza kuwa unalishwa kutoka njia nyingine.

Chumba kilikuwa kimeondolewa kila kitu, mlango umefungwa kwa nailoni, na kipasha joto kimezimwa ili hewa isizunguke. Nililowesha mstari wa kukata mara kwa mara na kukata polepole kwa kisu cha mkono, msaidizi akiwa ameshika mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi ya daraja la H, yaani ya vumbi hatari, chini kabisa ya ukingo. Palipohitaji tundu dogo la skrubu nilijaza kikombe kwa povu zito la kunyolea, nikakikandamiza darini na kutoboa kupitia humo, na vumbi lote likabaki ndani ya povu. Msumeno wa umeme haukuingia chumbani humo, wala msasa, wala ufagio. Usafi ulifanywa kwa vitambaa vyenye unyevu na mashine, na vitambaa, nailoni na nguo za kutupwa vikatiwa kwenye mfuko mwekundu uliofungwa ndani ya mfuko mweupe unaoonyesha, vyote vikiwa na lebo ya asbestosi.

Palipokatwa ni hivi: mkato mrefu wa karibu sentimita 90 kwa 15 ambako kisanduku cha maungio kilikuwa kimepigiliwa juu, tundu la duara mahali pa taa ya zamani, ambayo haikuwa katikati ya chumba, na matundu machache madogo ya klipu kuelekea swichi.

13 Februari

Nyaya zimetoka. Moja ilikuwa imepita ndani ya boriti kwa kona kali, na kuivuta kungeing'oa plasta, kwa hiyo imekatwa ncha zote mbili, ikathibitishwa haina umeme, na kuachwa. Nyaya mpya zina rangi ya kahawia na bluu zilizokubaliwa Uingereza mwaka 2004, badala ya nyekundu na nyeusi, nazo zina waya wa ardhi hadi kwenye taa.

Nimepata fursa ya kuiangalia dari kwa ndani. Ni ya fito nyembamba za mbao zilizopigiliwa chini ya boriti zikiachiana nafasi ndogo, kisha plasta ya chokaa iliyochanganywa na manyoya ya wanyama ikasukumwa kupitia nafasi hizo hadi ikajikunja kwa juu na kushika. Mtu aliyekulia katika nyumba ya fito na udongo ataielewa dari hii mara moja: udongo haushikwi na gundi, hushikwa na ule uliopenya nyuma ya fito. Vishikio hivyo vikivunjika, plasta hubaki ikining'inia kwa rangi tu. Karibu na ubavu wa bomba la moshi vichache vimevunjika, nami nimeirudisha sehemu hiyo kwa skrubu zenye sahani pana hadi kwenye boriti, kwa kutoboa kupitia povu kama jana.

16 Februari

Sehemu ya chini ya kiraka haionekani na mgeni, lakini ndiyo inayoamua kama kiraka kitapasuka.

Kwenye mkato mrefu, fito zilikatika pamoja na plasta, hivyo hapana cha kushikia. Nimefunga vipande vya mbao kati ya boriti, pande zote nne za mkato, vikiwa nusu ndani na nusu nje ya ukingo, ili dari ya zamani na kiraka vipate kushikwa na mbao zile zile. Juu yake nimefunga jipsamu ya milimita 12.5. Dari hii ni kizuizi cha moto kati ya sebule na chumba cha juu, na tundu lililozibwa kwa povu la kopo au kwa karatasi zilizopakwa plasta juu halizuii chochote. Nimewahi kuona viraka vya namna hiyo katika nyumba za watu, na ninaviona kuwa ni udanganyifu, hata pale vinapopendeza.

Unene wa dari ya zamani, pamoja na fito, ni takriban mara mbili ya jipsamu, kwa hiyo nimeweka mbao nyembamba za kujazia hadi uso wa jipsamu ukabaki ndani ya uso bapa wa zamani kwa milimita tatu hivi. Ninaposema uso bapa sizungumzii vilele vya nakshi, nazungumzia plasta iliyo chini ya nakshi. Ndicho kipimo ambacho wengi hukikosea: huziba hadi usawa wa vilele, halafu nakshi mpya ikipakwa juu yake kiraka hutokeza kama uvimbe, na hakuna mchoro utakaouficha. Maungio nimeyabandika utepe wa wavu na kuyajaza plasta ya jipsamu, nikiisawazisha kwa mwiko ikiwa bichi, kwa sababu kuja kuipiga msasa baadaye kungegusa kingo za zamani.

Kwenye tundu la taa fito zilikuwapo bado. Nimezilowesha, nikapaka gundi nyeupe ya PVA iliyopunguzwa kwa maji, nikasukuma plasta ya msingi kati yake kama walivyofanya wale wa mwanzo.

18 Februari

Leo sikupaka kitu. Nimezima taa zote, nikaweka kurunzi kali sakafuni karibu na ukuta ili mwanga upite ukiambaa dari, na kila mfereji ukajitokeza kwa kivuli chake.

Nakshi ya chanuo huonyesha utaratibu wake kwa anayeitazama kwa subira. Nusu duara iliyochorwa baadaye huukata mkia wa iliyotangulia, na kwa kufuata mikia iliyokatwa nimejua kwamba fundi aliyeichora mwanzo alianzia dirishani akirudi nyuma kuelekea mlangoni, safu moja baada ya nyingine. Mwanzo wa kila mkunjo una kina na mwisho wake ni mwepesi, nao unakwenda kutoka kushoto kwenda kulia, mwendo wa mkono wa kulia uliotulia. Karibu na ubavu wa bomba la moshi, mahali ambapo ngazi haikukaa vizuri, mikunjo ni mifupi zaidi. Nimeheshimu hilo pia: kiraka kilichochorwa kwa mikunjo iliyo sawa kuliko majirani zake huonekana upesi kama kilichochorwa vibaya.

Nimebandika nailoni nyepesi inayoonyesha juu ya dari karibu na kila tundu, nikafuatisha mistari kwa kalamu ya wino bila kukwaruza. Kutokana na michoro hiyo nimepata upana wa nusu duara, nafasi kati ya meno ya chanuo, na mahali hasa ambapo kila mkunjo uliokatwa unapaswa kuendelea. Chanuo nimelichonga kutoka kwenye mfuniko mgumu wa ndoo ya plastiki, kwa kuwa yale ya dukani yana meno ya nafasi moja, nayo haikulingana na ya hapa.

20 Februari

Mazoezi kwenye mabaki ya jipsamu yaliyoegemezwa ukutani, kisha kwenye kipande kilichofungwa juu ya kichwa, kwa sababu mkono ulioinuliwa haukunji kama mkono ulio usawa wa kifua. Unga wa nakshi wa siku hizi hauna asbestosi. Huchanganywa na maji safi, huachwa utulie kidogo, kisha hukorogwa tena hadi ukasimama kwenye brashi bila kudondoka.

Mchoro mpya ulitoka sahihi kwa umbo, lakini ulikuwa mkali mno. Dari ya zamani ina tabaka nyingi za rangi ya maji zilizojaza sehemu ya mifereji na kuviviringisha vilele vyake. Dawa yake ni kusubiri hadi unga uanze kushika, kisha kupitisha brashi laini yenye maji kidogo juu ya vilele, mara moja tu, ukifuata mkunjo. Mama alisimama mlangoni akatazama vipande viwili, chenye makali na kilicholainishwa, akasema, "Hicho cha pili ndicho cha darini kwangu." Kwa jicho la mtu aliyeitazama dari hiyo kwa miaka mingi, huo ni ushahidi bora kuliko kipimo changu.

22 Februari

Nimepaka. Kiraka hakifuati kisu, kinafuata nakshi. Nimerudia sentensi hiyo kwa msaidizi wangu asubuhi nzima. Mkato wa umeme ni mstatili, na jicho hukamata mstari mnyoofu popote ulipo katika uwanja wa mikunjo. Kingo zenyewe haziwezi kukwanguliwa ziwe nyembamba, kwa sababu zina asbestosi, kwa hiyo njia pekee ni kuongeza: tabaka jipya limevuka ukingo na kupanda juu ya nakshi ya zamani hadi kwenye mstari wa nusu duara iliyo karibu, likaishia kwenye mfereji ambao tayari upo. Kabla ya hapo sehemu hiyo ya zamani ilipanguswa kwa kitambaa chenye unyevu na kupakwa gundi nyeupe nyembamba ili mpya ishike.

Nilianza upande wa dirishani na kurudi nyuma, kama yule wa kwanza, nikichora safu nzima bila kusimama, kwa sababu chanuo likiinuliwa katikati huacha alama. Matundu madogo ya klipu hayakuhitaji chanuo. Yalijazwa kwa ncha ya mwiko mdogo, na mfereji uliopita juu yake ukaendelezwa kwa kijiti kilichochongwa.

25 Februari

Kukauka kumekwenda taratibu kwa sababu ya baridi. Nimekataa kuwasha kipasha joto cha feni, kwa kuwa ukaukaji wa haraka hupasua maungio. Mpasuko haupo hadi sasa, na nimeangalia kwa mwanga wa kuambaa pande zote.

1 Machi

Rangi. Unga huu ukiwa haujapakwa rangi bado hulainika tena ukilowa, na rola ikienda na kurudi juu yake huung'oa. Tabaka la kwanza nimelipunguza kwa maji na kuligusisha kwa brashi juu ya viraka peke yake, bila kusugua. Lilipokauka nimepaka dari yote, si viraka tu, kwa rola yenye manyoya marefu, tabaka mbili kutoka dirishani. Rangi mpya juu ya kiraka pekee ingekionyesha kila jua linapoingia, hata kama mchoro umelingana kabisa, na rangi kamili ndiyo pia inayoifunga asbestosi iliyobaki.

Kwa mwanga wa mchana, mkato mrefu hauonekani kwangu nikiwa sakafuni, nami najua ulipo. Kwa kurunzi ya kuambaa, tundu la taa lina mkunjo mmoja wenye kina kidogo kuliko jirani zake. Nimeuacha, kwa sababu kuurekebisha kungenilazimu kuigusa nakshi ya zamani bila faida inayostahili.

3 Machi

Fundi umeme amekamilisha vipimo na kumkabidhi Mama cheti cha kazi, ambacho mtu yeyote atakayeinunua nyumba atakihitaji. Mimi nimeongeza karatasi yangu: mchoro wa dari wenye mahali pa kila boriti, mkato mrefu, tundu la zamani, na waya mfu ulioachwa, pamoja na jibu la maabara na hati ya kupokelewa kwa taka. Nakala moja ipo kwenye faili la nyumba na nyingine ndani ya kabati la meni swichi, kwa kuwa fundi anayefuata huanzia hapo. Nimeandika kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, kwani wapwa wa Mama ni mafundi na baadhi yao ndio kwanza wamefika.

Ukumbi wa mlangoni una dari ya nakshi ya aina hiyo hiyo. Haukatwi, kwa sababu huko nyaya zimepitishwa kutoka juu. Mama ameomba upakwe rangi tu, na kazi hiyo itafanyika wiki ijayo.